Aliyeikana Mimba Naye Aulizwe

Wajukuu zangu, mnaniuliza kama kutoa mimba ni dhambi, na mkiuliza hivyo macho yenu yote huwa kwa msichana. Mimi nimekuwa mkunga mkoani Tanga mpaka nikastaafu, na swali hilo huanza kulijibu kwa mtu mwingine: yule kijana aliyeambiwa "sijaziona siku zangu" akajibu "mimba hiyo si yangu".

Sifichi ninaloamini. Mimba kwangu ni uhai, na uhai haukatizwi kwa kuogopa aibu. Padri atawaambia ni uhai tangu ilipotungwa. Masheikh watawaeleza habari ya siku 120, roho inapopulizwa, na kwamba kuhusu kabla ya hapo wamehitilafiana. Wasikilizeni kwa adabu. Ila maisha ya mama yakiwa hatarini, hata Kanuni ya Adhabu inamruhusu daktari amwokoe. Nje ya hapo sheria ni kali: anayemtoa mwenzake mimba anaweza kufungwa miaka 14, na mwanamke mwenyewe miaka 7.

Ukali huo haukuwazuia niliowapokea wodini. Walikuwa wamekunywa majani ya chai yaliyokolezwa, majivu, sabuni ya unga. Wengine walijichokoa kwa kijiti cha muhogo. Walifika na homa, damu ikitoka mabonge mabonge, tumbo gumu kama ubao, nao wakishikilia kwamba waliteleza kisimani. Nimeona mgonjwa wa namna hiyo akisimangwa kabla hajapimwa hata presha, na jambo hilo linaniuma mpaka leo, kwa sababu maambukizi yakishaingia kwenye damu hayangoji mtu amalize kusuta. Basi dada yenu akivuja damu, mpelekeni hospitali kwanza. Aseme kweli ametumia nini, ili daktari ajue pa kuanzia. Kumtibu aliyeharibikiwa mimba ni halali, hata kama haikuharibika yenyewe.

Walipopata nafuu niliwauliza kilichowafikisha pale. Wachache sana waliniambia hawakumtaka mtoto. Wengi walisema "amenikataa", na "baba atanifukuza".

Ndiyo maana nasema nawe, kijana. Ukiikana mimba, kuitoa umeshaanza wewe, ingawa si wewe uliyekunywa sabuni. Sheria ya Mtoto ya 2009 nayo inakujua: mahakama inaweza kuagiza kipimo cha vinasaba, na ukithibitika kuwa baba utatoa matunzo. Ukimpa mimba mwanafunzi, kifungo chake ni miaka 30. Wapo wanaoiogopa miaka hiyo wakampeleka msichana kwa mchoropoaji ili ushahidi upotee. Hao wanamhatarisha msichana yuleyule waliyekwisha kumkosea.

Nanyi wazazi mnaosikiliza, acheni kumwambia binti kwamba maisha yake yamekwisha. Zamani ilikuwa kweli kwamba akifukuzwa shule kwa mimba harudi. Tangu Novemba 2021 waraka wa serikali unamruhusu kurudi masomoni baada ya kujifungua, ndani ya miaka 2. Nauli ya kumpeleka kwa shangazi yake akafichwe ingetosha daftari na sare.

Siwadanganyi kwamba mtoto akizaliwa mapenzi huja yenyewe. Nimeona mama akigeuza uso nilipomkabidhi mwanawe, hasa aliyebakwa. Huyo hasimangwi wala haambiwi ashukuru. Anahitaji mtu wa kumshika mtoto naye alale, na afisa ustawi wa jamii wa kumsikiliza, pengine kwa miaka.

Yote hayo yanaweza kuzuilika mapema zaidi. Uzazi wa mpango kwenye vituo vya serikali ni bure. Kuna pia vidonge vya dharura, vinavyomezwa ndani ya siku 5 baada ya kukutana, na kadiri unavyowahi ndivyo vinavyofaa. Msione haya kuuliza; nesi atakayewafokea, mwacheni, muulizeni mwingine.

Lakini ikiwa mimba imeshaingia, kijana, nenda kwao msichana wiki hiihii, kabla hajapata wa kumshauri vibaya. Hulazimiki kwenda na mahari. Nenda ukaseme ni yako. Ukiogopa kwenda peke yako, mchukue mjomba wako. Mjomba akikataa, njoo kwangu, twende wote.