Njia Inayorudi Palepale



Tuulizane swali moja: kutembea mlimani saa nne halafu ukarudi palepale ulipoanzia, kuna faida gani? Wengi tutajibu, "Kupoteza muda tu." Ndivyo tulivyozoea: kila kitu lazima kilipe.

Chukua mfano wa Kitulo, Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania, kwenye mita 2,600 hivi. Wenyeji wanapaita Bustani ya Mungu. Ukizunguka huko msimu wa mvua, unapita msitu wa ukungu, unatokea kwenye uwanda wa majani uliojaa maua, okidi za kila rangi, kisha unarudi. Mikononi huna kitu. Lakini wapo waliokwenda na majembe: viazi vya okidi vilichimbwa vikauzwa hadi Zambia, vinakopikwa chikanda. Mwaka 2005 Kitulo ikawa hifadhi ya taifa. Simhukumu mchimbaji mwenye watoto wa kulisha. Ninachokataa ni lile wazo kwamba ua halina thamani mpaka liuzwe.

Mtakatifu Thoma wa Akwino anatofautisha jema tunalolitaka kwa ajili ya kitu kingine, kama dawa chungu, na jema tunalolitaka kwa ajili yake lenyewe. Fikiri kidogo: kama kila kitu ni cha kupatia kingine, na hicho ni cha kupatia kingine tena, tutafika wapi? Lazima pawepo jema la kutosha lenyewe. Na katika Mwanzo, Mungu anaiona mimea kuwa ni vyema siku ya tatu, kabla hajawepo mtu wa kuila wala kuiuza.

Sasa hapa ndipo panapotugusa. Kama kisicholipa hakina thamani, utasema nini juu ya bibi yako asiyeweza kuinuka kitandani? Na wewe uliyemaliza chuo, huna ajira, unajiona mzigo nyumbani? Mizani hiyohiyo itakupima na wewe.

Mtu atasema, "Basi tukae tu?" Hapana. Mtume Paulo aliwaonya Wathesalonike wavivu. Kazi ni wajibu, ila hatufanyi kazi ili tustahili kuwepo. Mungu alikupenda kabla hujaingiza shilingi.

Kwa Thoma, viumbe vyote vimetoka kwa Mungu na vinarudi kwake. Yaani hata maisha yetu ni njia ya mzunguko.

Jumapili hii, baada ya Misa, mtembelee mtu asiye na cha kukupa. Kaa naye tu.

Ee Bwana, utufundishe kuona kama unavyoona wewe. Amina.