Usishuke, Imebaki Milango

Somo: Nehemia 6:1–16

 

Jumapili iliyopita nilianza kwa kuungama kabla ya kuhubiri, na mliokuwepo mnajua haikuwa rahisi. Naliandika jambo hilo hapa ili hata aliyekosa ibada alipate.

Mwezi wa Januari, mchungaji wetu mkuu alinikabidhi darasa la vijana la Alhamisi jioni. Walikuwa vijana 14. Wengi wamemaliza kidato cha nne na hawana kazi, na wawili walikuwa wamezama kwenye kubeti mpaka vitu vya nyumbani vinauzwa. Kazi yangu ilikuwa moja tu: kukaa nao Alhamisi baada ya Alhamisi, niwafundishe Neno na jinsi ya kushika pesa. Kufikia Mei tulikuwa tumebakisha masomo 4. Halafu darasa likaanza kuyumba. Mwezi uliopita waliokuja walikuwa watatu.

Nikamwuliza mmoja wao, wenzako wamepotelea wapi? Akanijibu kwa heshima, akiangalia chini: "Pasta, sisi tulikuwa tunakuja. Ni wewe ulishuka."

Neno hilo hakuliokota barabarani. Somo la kwanza nililowafundisha lilikuwa Nehemia. Basi nimerudi kwenye kitabu hicho, safari hii mimi ndiye mwanafunzi.

Nehemia alikuwa mnyweshaji wa mfalme Artashasta kule Shushani, kazi nzuri ya ikulu. Aliposikia kuta za Yerusalemu zimebomoka alilia, akafunga, akaomba, kisha akaomba ruhusa aende kujenga. Sura ya 6 inapoanza, ukuta umesimama, hakuna penye ufa. Kilichobaki ni kutia milango malangoni. Na hapo ndipo Sanbalati, Tobia na Geshemu Mwarabu wanapata habari, na Sanbalati na Geshemu wanatuma mwaliko.

Angalia wakati wenyewe, mpendwa. Ukuta usio na milango haulindi mtu. Adui atapita pale pale langoni. Katika sura ya 4 walicheka, haikusaidia. Wakatisha kwa vita, haikusaidia. Sasa imebaki milango tu, wanakuja na adabu.

1. Mwaliko wa Ono

Hawakumwambia aache kujenga. Walimwambia waje wakutane, tena huko nchi tambarare ya Ono, upande wa Lodi. Kutoka Yerusalemu ni safari ya siku nzima. Mimi nilisomea biashara, kwa hivyo hebu tupige hesabu kidogo. Siku ya kwenda, siku ya mkutano, siku ya kurudi: siku 3. Walimwita mara 4: siku 12. Na ukuta wote ulichukua siku 52. Yaani hata kama hawangekuwa na nia ya kumdhuru, na walikuwa nayo, mikutano peke yake ingekula karibu robo ya kazi.

Nehemia akawatumia wajumbe: ana kazi kubwa mkononi, hawezi kuiacha isimame ili ashuke kwao. Wakamwita mara nne, akajibu mara nne, jibu lile lile. Hakuhangaika kutafuta maneno mapya.

Ono yangu mimi ilikuwa vikao. Alhamisi moja kamati ya harusi, nyingine harambee ya karo, nyingine nimeitwa kuwa MC. Yote mambo mazuri, si ndiyo? Hapo ndipo penye mtego. Mtu aliyeokoka akiitwa kwenye dhambi anaweza kukataa. Akiitwa kwenye jambo jema, tena akipewa kiti cha mbele, anashuka mbio. Nami kila mara nikiwaandikia vijana kwenye grupu: "Leo hatutakutana, Mungu awabariki."

2. Barua isiyofungwa

Mara ya 5 Sanbalati alituma barua iliyo wazi, ili kila anayeishika njiani aisome: eti Nehemia anajenga kwa sababu anataka kuwa mfalme. Siku hizi barua hiyo inakuja kwa WhatsApp, imeandikwa juu kwamba imesambazwa mara nyingi.

Yangu ilisema nakusanya vijana ili nifungue kanisa langu. Ulikuwa uongo. Lakini nilijitetea wiki mbili nzima: sauti za dakika sita sita, simu mpaka usiku wa manane. Mke wangu akaniuliza, "Baba watoto, hao wote unaowajibu, kuna hata mmoja yuko kwa darasa lako?" Nikanyamaza. Hakukuwa na hata mmoja.

Nehemia alijibu kwa ufupi kwamba hakuna jambo kama hilo, Sanbalati amelitunga mwenyewe. Kisha akageukia Mungu. Na hapa nilishangaa: hakuomba jina lake lisafishwe. Aliomba mikono yake itiwe nguvu. Jina alimwachia Mungu, yeye akarudi kwa milango.

3. Kujificha hekaluni

Hili ndilo gumu kwetu sisi watu wa maombi. Shemaya alimwambia Nehemia waingie hekaluni wafunge milango, kwa maana wanakuja kumwua. Maneno yalisikika kama unabii, na mahali penyewe ni patakatifu. Lakini Nehemia akatambua kwamba Mungu hakumtuma mtu huyu, alikuwa amekodiwa.

Mimi nilipochoka na maneno ya watu, nilisema naenda kufunga na kuomba siku tatu mlimani. Siku ya pili ilikuwa Alhamisi. Vijana saba walikuja wakakuta ukumbi umefungwa kwa kufuli.

Sisemi kuomba ni kosa. Nehemia aliomba kuliko wengi wetu. Lakini katika 4:9 waliomba, na wakaweka walinzi usiku na mchana. Maombi yake yalimrudisha ukutani. Mimi siku hiyo, niseme ukweli, nilikuwa namkimbilia Mungu ili nikwepe kazi aliyonipa yeye mwenyewe.

Si kila anayekusimamisha ni Sanbalati

Sasa mtu asitoke hapa akaanze kufukuza watu. Soma sura ya 5. Katikati ya ujenzi ule ule, watu walilia: mashamba na nyumba zimewekwa rehani, watoto wao wanaingia utumwani kwa sababu ya madeni. Nehemia hakuwaambia ana kazi kubwa. Aliitisha mkutano, akawakemea wakubwa mbele ya wote, wakakubali kurudisha walichochukua.

Kwa nini asimame kwa hawa na akatae kwenda Ono? Kwa sababu ukuta ulikuwa wa hawa. Ono ilimtaka awaache watu. Kilio kile kilimtaka awakaribie. Pima na wewe hivyo hivyo. Mtoto akikuvuta shati ukiwa kwa kazi, usimwite Tobia. Mzazi mgonjwa nyumbani si Ono.

Wiki hii keti chini ujiulize: ni kazi gani Mungu amenipa ambayo imebaki milango tu? Labda ni karo ya muhula wa mwisho, au deni la chama, au ndoa ambayo mmeijenga miaka kumi. Nikishuka, ni nani atakayeumia? Na jibu langu fupi ni lipi? Liandike. Langu nimelibandika juu ya meza: Alhamisi nina darasa.

Nimeanza kuwafuata wale 11, nyumba kwa nyumba. Wanne wamesema watarudi. Lakini mmoja wa wale wa kubeti, mama yake alinipokea mlangoni akaniambia ameenda Nairobi na hapatikani kwa simu. Hakunilaumu. Alinipa chai. Msaidieni kumwombea, na mniombee mimi pia.

Ukuta ulimalizika tarehe 25 ya mwezi wa Eluli, na hata maadui wakatambua kwamba kazi ile imefanywa na Mungu.

Tuombe: Baba, utusamehe tulioshuka. Walioachwa chini kwa sababu yetu, uwafikie. Utupe jibu fupi na mikono yenye nguvu, na ututofautishie mwaliko wa Ono na kilio cha watu wako. Uturudishe kwa milango. Katika jina la Yesu, amina.