Uvimbe umetolewa, mama ameambiwa nini?

Upo uvimbe ambao mtoto huzaliwa nao mwishoni mwa uti wa mgongo, pengine mkubwa kama kichwa chake. Madaktari huuita teratoma. Ni wa nadra, na wengi wanaoupata ni watoto wa kike. Aghalabu si saratani. Mpasuaji huutoa pamoja na mfupa wa kifandugu, maana tangu miaka ya 1950 ilijulikana kuwa mfupa huo ukiachwa, uvimbe hurudi mara nyingi zaidi. Hata hivyo kwa baadhi ya watoto hurudi tu, na ukirudi unaweza kuwa saratani. Ndiyo maana mtoto hutakiwa kupimwa kila baada ya miezi michache, kwa kiasi cha miaka mitatu.

Sasa ndugu msomaji, mfikirie mama wa Madibira, kule kwenye mashamba ya mpunga wilayani Mbarali. Mtoto wake amepasuliwa Mbeya au Dar es Salaam, kidonda kimekauka, ananyonya na kuchangamka. Je, aambiwe kuwa ugonjwa unaweza kurudi, au aachwe afurahi?

Wapo wanaosema aachwe. Hoja yao si ya kijinga: amekwisha uza mpunga wake, kwa nini atiwe hofu kwa jambo ambalo huenda lisitokee? Mimi sikubaliani nao. Neno "amepona" likisemwa peke yake humweka mama nyumbani. Uvimbe unaorudi huweza kuanzia ndani ya nyonga, pasipoonekana; mtoto atakapoanza kupata taabu ya kwenda haja, umekwisha kuwa mkubwa. Ukigunduliwa mapema upo upasuaji wa pili, zipo na dawa, na wengi hupona. Aliyemficha mama amemnyang'anya muda.

Wengine hutaja tawakkul. Lakini yule aliyeelekezwa na Mtume (s.a.w.) amfunge ngamia wake kwanza, alikuwa anajua kuwa ngamia hutoroka. Huyu mama hajui.

Inabaki nauli, na hiyo si ya daktari. Kumwambia mtu "rudi baada ya miezi mitatu" huku hana cha kupandia basi ni kumtwisha lawama tu. Sisi wa mjini, picha ya mtoto mwenye uvimbe ikipitishwa msikitini baada ya swala ya Ijumaa, tunatoa. Mtoto aliyekwisha pasuliwa, anayecheka, hana picha ya kumliza mtu. Safari zake za kupimwa ni nyingi, na sijaona bado kamati ya msikiti iliyoziweka kwenye hesabu zake.