Glasi ya Nje na Sahani ya Nyumbani



Leo tuna jambo ambalo bwana na bibi hulizungumza kwa kununa zaidi kuliko kwa maneno: baba anatoka jioni kwenda kunywa na kula, na mama anabaki nyumbani.

Fikirini nyumba moja pale Voi. Ni Jumamosi ya mwisho wa mwezi na bwana amepata mshahara. Anaoga, anavaa shati safi, anatelemka mjini kukutana na wenzake. Voi ni mji wa reli na wa barabara kuu. Malori ya Mombasa na Nairobi hupita usiku kucha, na mahali pa kunywa hapakosi. Kuna bia ya chupa, kuna mnazi kutoka pwani, na kuna mbangara, pombe ya kienyeji ya Wataita. Nyama inachomwa, kachumbari inakatwa, wanaume wanacheka. Nyumbani bibi na watoto wanakula ugali na mboga. Saa tano bwana anarudi. Hakulewa. Hapigi mtu. Karo ya watoto ameiweka kando. Bibi anamfungulia mlango bila kusema neno, na asubuhi wanakwenda Misa bega kwa bega, kimya.

Je, bwana huyu amekosa nini?

Mwenyewe atajibu, "Sijakosa. Sikulewa, pesa ni za jasho langu, na hata Bwana Yesu aligeuza maji kuwa divai." Tusimcheke, kwa maana mengi anayosema ni kweli. Kanisa Katoliki halifundishi kwamba pombe ni uovu. Linafundisha kiasi, na linakataza ulevi. Mtakatifu Benedikto katika Kanuni yake aliwapa hata wamonaki kipimo cha divai kwa siku. Tena ni vyema mume awe na marafiki. Mtu aliyefanya kazi mwezi mzima katika shamba la mkonge au katika gereji anahitaji kuketi na kucheka.

Lakini tumsikilize Mtakatifu Tomaso wa Akwino. Anasema kunywa divai kwenyewe si dhambi, ila kunaweza kugeuka kuwa kosa kwa sababu kadhaa: mnywaji ni mtu anayedhurika upesi, au amefunga nadhiri ya kutokunywa, au anapita kiasi, au anawakwaza wengine. Bwana wetu wa Voi amejipima kwa kipimo cha tatu tu, akajiona salama. Kipimo cha mwisho hakukigusa. Anadhani "wengine" ni watu wa parokiani watakaomwona baa. Kumbe wa kwanza kati ya hao wengine ni yule anayemfungulia mlango.

Hapa ndipo palipo na kosa, na wala si ndani ya glasi. Furaha yote ya mwezi imeliwa mahali pengine. Nyumbani yamerudi usingizi, harufu ya moshi wa nyama, na mtu asiye na hadithi ya kusimulia. Bibi haoni wivu kwa ajili ya nyama. Anachouliza moyoni ni hiki: "Mbona kicheko chake sikijui tena?" Siku ya ndoa waliahidiana kuwa pamoja katika raha na katika shida. Shida wanashiriki kila siku. Raha je?

Wazee wa Taita wana neno la kutufundisha. Zamani Mtaita aliamini kwamba hasira iliyofichwa moyoni ni hatari kwa jamaa nzima, na kwamba yaweza kuleta ugonjwa na misiba. Kwa hiyo mwenye kinyongo hakuachwa anyamaze. Alichukua funda la pombe ya miwa, au maji ya miwa, au hata maji matupu, akalinyunyiza kutoka kinywani huku akitamka maneno ya amani na baraka. Jambo hilo liliitwa kutasa. Mtaalamu Grace Harris, aliyeishi Taita mwanzoni mwa miaka ya 1950, aliliandikia kitabu kizima, kilichotolewa mwaka 1978.

Sisi Wakristo hatutoi hasira kwa namna hiyo. Tangu wamisionari wa Shirika la Roho Mtakatifu walipofungua misheni ya Bura mwaka 1892, Taita imejua njia ya Kitubio na msamaha wa Kristo. Hata hivyo tuangalie wazee wale walitumia pombe kwa kazi gani. Waliitumia kuitoa hasira nje ili jamaa wapatane. Bwana wetu naye anaitumia pombe, lakini kinywaji chake kinaingiza hasira ndani ya nyumba na kuiacha humo mpaka Jumamosi nyingine. Basi glasi ile ile yaweza kupatanisha, nayo yaweza kutenganisha.

Twende na Kana pia, kwa kuwa bwana alikwisha kuitaja. Muujiza ule ulifanyika arusini, mbele ya bwana na bibi waliooana, jamaa wote wakiwa pamoja. Tena aliyeona kwamba divai imekwisha alikuwa Mama Maria. Alitazama meza ya wengine akaona kilichopungua. Anayeitaja Kana ili ajitetee, aige kwanza macho ya Maria: atazame meza ya nyumbani kwake.

Kina mama nanyi mna sehemu yenu. Kununa si ushauri. Mtakatifu Agostino anasimulia kwamba mama yake, Mtakatifu Monika, alipokuwa msichana alianza kuonja divai kidogo kidogo kila alipotumwa kuichota, mpaka akazoea kunywa vikombe vizima. Kilichomponya ni neno moja la kijakazi wa humo nyumbani. Kijakazi yule alisema kwa ugomvi; wewe sema kwa upendo, mchana, mume akiwa ametulia. Usingoje saa tano ya usiku mlangoni.

Basi mfanyeje? Tunawashauri haya.

1. Pangeni fedha za raha pamoja, kama mnavyopanga za karo na za unga. Shilingi iliyopangwa na wawili haileti ugomvi.

2. Walau mara moja kwa mwezi tokeni wawili. Wapo mama wasiopenda kuonekana baa, na hawalazimishwi. Tafuteni mahali pa chakula, mchana, yeye anywe soda na wewe bia yako moja. Au nunua nyama, uichome uani, na mama apike kimanga. Watoto wamwone baba akicheka kwao.

3. Ukienda na wenzako, mwambie mwenzi wako unakwenda wapi na utarudi saa ngapi, kisha urudi saa hiyo. Sheria ya vileo ya mwaka 2010 iliziwekea baa saa za kufungua na kufunga. Saa ya nyumba yako haiwekwi na serikali. Mnaiweka ninyi wawili.

4. Ikiwa glasi moja huita nyingine na huwezi kuacha, shauri letu la "bia moja" si lako. Kwako kiasi ni kutokunywa kabisa. Mwone daktari, mwone na padre wako, wala usione haya. Na mama anayepigwa asiambiwe avumilie. Atafute msaada na mahali pa usalama mara moja.

Jioni ya leo, watoto wakilala, ulizaneni maswali haya mawili. La kwanza: mara ya mwisho tulicheka pamoja lini? La pili: je, ninachokinywa na ninachokila nje, ningeweza kukinywa na kukila mbele yako kwa moyo mweupe?

Bwana wa Voi akiweza kujibu la pili kwa "ndiyo", na aende kwa amani. Akisita, basi Jumamosi ijayo abebe kilo moja ya nyama, apande nayo nyumbani kabla jua halijatua.

Mungu abariki meza zenu.