Mwezi Ulioandama Yavneh

Katika mwaka wa 70 baada ya kuzaliwa Nabii Isa, majeshi ya Rumi chini ya Titus, mwana wa Kaizari Vespasian, yalipoutwaa mji wa Yerusalemu na kulitia moto Hekalu, Mayahudi waliondokewa na madhabahu, na dhabihu, na ukuhani ambao kwa karne nyingi ulikuwa nguzo ya ibada yao. Na kwa kuwa manabii nao walikwisha katika tangu zamani, likabaki swali lisiloweza kungojewa: nani sasa mwenye haki ya kuwaambia watu kuwa leo ni sikukuu na kesho si sikukuu, kuwa chombo hiki ni tahiri na kile ni najisi?

Jawabu lilianza kutafutwa Yavneh, mji mdogo wa upande wa bahari, kusini ya Jaffa, alikokwenda kukaa Rabi Yohanan ben Zakkai. Talmudi, kitabu kikuu cha mijadala ya wanazuoni wa Kiyahudi, yasimulia kwamba mzee huyo, alipoona wapiganaji walioshika malango ya Yerusalemu hawampi mtu ruhusa ya kutoka, aliwaamuru wanafunzi wake wamtie jenezani na kumchukua nje kama maiti, kisha akasimama mbele ya Vespasian na kumwomba Yavneh na wanazuoni wake. Kisa hiki kimepokewa kwa njia kadhaa zisizolingana, na mtu wa tarehe atakisoma kwa hadhari. Na humo humo katika Talmudi wamo waliomlaumu kwa kuomba kidogo, hali angaliweza kuuombea mji wenyewe. Lakini hakuwa mtu wa kuzungushwa. Siku ya Mwaka Mpya ilipoangukia Sabato, naye akataka baragumu lipigwe Yavneh kama lilivyokuwa likipigwa Hekaluni, wenziwe walimwambia wajadiliane kwanza. Akasema tupige, kisha tujadiliane. Na walipokwisha kupiga wakamkumbusha mjadala wao, akawajibu kuwa sauti imekwisha sikika mjini, na jambo likisha tendwa halirejewi. Kwa hila hiyo, ambayo nakiri kuwa yanichekesha kila niisomapo, mamlaka mapya yalikuwa yamekwisha simama, ila hakuna aliyekuwa amesema yamesimama juu ya nini.

Aliyelazimika kulisema hilo ni aliyemfuata, Rabban Gamaliel wa pili, mjukuu wa yule Gamaliel anayetajwa katika Matendo ya Mitume kuwa mwalimu wa Paulo. Miezi ya Kiyahudi wakati ule ilithibiti kwa ushahidi wa macho: mashahidi wawili huja barazani, wakahojiwa, na baraza likiridhika hutangaza kuwa mwezi umeandama. Gamaliel alikuwa na picha za sura za mwezi, juu ya kibao na juu ya ukuta wa chumba chake cha ghorofani, akiwaonyesha watu wa kawaida waliokuja kushuhudia na kuwauliza kama waliuona hivi au hivi. Ikatokea mashahidi wawili kusema wameuona kwa wakati wake, na usiku uliofuata haukuonekana kabisa. Naye akaupokea ushahidi wao. Rabi Dosa ben Harkinas akasema hao ni waongo, kwani vipi watu washuhudie kuwa mwanamke amejifungua, na kesho yake tumbo lingali limemjaa? Rabi Joshua ben Hananiah akamwambia kuwa ameiona haki katika maneno yake.

Msomaji wa mwambao, ambaye pengine amekwisha ona nyumba moja ikila Idi na ya jirani ingali imefunga, hahitaji kuelezwa ni hatari gani iliyoingia hapo. Gamaliel akampelekea Joshua amri kwamba amjie, na fimbo yake mkononi na fedha zake mfukoni, katika siku ile ile ambayo kwa hesabu ya Joshua ilikuwa Siku ya Upatanisho, siku iliyo tukufu kuliko zote, ambayo kubeba fimbo na fedha ndani yake ni kuivunja hadharani. Rabi Akiva alimkuta Joshua katika dhiki kubwa. Akamwambia kuwa alilolifanya Gamaliel limekwisha fanyika, kwa maana sikukuu za Mungu ni zile zinazotangazwa na baraza, liwe limetangaza kwa wakati wake au si kwa wakati wake. Na Dosa, yule yule aliyewaita mashahidi waongo, akamwambia kuwa tukianza kuichunguza mahakama ya Gamaliel itatupasa kuzichunguza mahakama zote tangu zama za Musa. Basi Joshua akashika fimbo yake na fedha zake akaenda Yavneh, na Gamaliel akasimama, akambusu kichwani, akamwita mwalimu wake kwa elimu na mwanafunzi wake kwa utiifu.

Wengi wakisimulia kisa hiki husita kwenye busu hilo, wakausifu unyenyekevu. Mimi naona lililo zito ni hoja ya Akiva. Hakudai kuwa Gamaliel amepatia. Alisema kuwa kupatia si sharti. Mwezi wa mbinguni una mwendo wake, na hautakwenda mbio wala kusita kwa ajili ya baraza lolote. Bali sikukuu haikutundikwa mbinguni ikingoja kugunduliwa, ni kitu ambacho Mungu amekiweka katika vinywa vya wanadamu, na kabla hawajatamka hakipo. Hoja hii naikubali katika mambo ya kalenda. Ninachokitilia shaka ni kuwa mtu akisha kuionja ladha yake hataiacha kwenye kalenda peke yake.

Gamaliel aliionja. Kwa ajili ya khitilafu nyingine, juu ya sala ya usiku kama ni wajibu au hiari, alimwacha Joshua asimame mbele ya wanafunzi wakati yeye ameketi anasomesha, hata watu wakapiga kelele, wakamwondoa katika cheo na kumweka Eleazar ben Azariah, kijana bado. Na siku hiyo bawabu aliyekuwa akiwazuia wanafunzi akatolewa mlangoni, na viti vikaongezwa. Gamaliel alipokwenda kumtaka radhi Joshua alikuta kuta za nyumba yake ni nyeusi, akasema kuta zaonyesha kuwa kazi yako ni ya makaa. Joshua akamjibu kuwa ole wao watu wenye kiongozi asiyejua wanazuoni wao wanakula kwa taabu gani.

Na Joshua huyu ndiye aliyesimama siku ya tanuri. Rabi Eliezer ben Hyrcanus alishikilia kuwa tanuri lililokatwa vipande na kutiwa mchanga baina yake ni tahiri, na wenziwe wote wakasema ni najisi. Mti wa kharubu uling'oka kumshuhudia, mfereji ukarudi nyuma, kuta za madrasa zikainama, na mwisho sauti ya mbinguni ikasema haki ni ya Eliezer. Joshua akasimama, akajibu kuwa Taurati haimo tena mbinguni. Wengi wape, husema Waswahili, nao walipewa. Na yasemekana Mungu alicheka akakubali kuwa wanawe wamemshinda.

Talmudi, hata hivyo, haiishii kwenye kicheko. Vitu vyote alivyovihukumu Eliezer kuwa tahiri vilichomwa moto, naye akapigwa marufuku. Akiva ndiye aliyepeleka habari, amevaa nguo nyeusi, akaketi dhiraa nne mbali naye, na mzee akatokwa na machozi. Mkewe Eliezer, Imma Shalom, alikuwa dada yake Gamaliel, na tangu siku hiyo hakumwacha mumewe asujudu kwa dua ya kulalamika, asije akasikilizwa. Katika pokezi moja, siku moja alidhani ni siku ya mwandamo, ambayo dua hiyo haiombwi, akachanganya mwezi kamili na mwezi pungufu. Akamkuta Eliezer amesujudu, akamwambia inuka, umemwua ndugu yangu. Na papo hapo baragumu likalia kutoka nyumbani kwa Gamaliel kutangaza kifo chake. Waliokihifadhi kisa hiki walikuwa warithi wa wale wengi walioshinda, na wangaliweza kukikata kwenye kicheko cha Mungu, hawakukikata.

Mnamo mwaka wa 200 Rabi Judah, mjukuu wa Gamaliel huyo, aliipanga Mishna, mkusanyo wa sheria na kauli za wanazuoni, na ndani yake kauli za Eliezer zimejaa tele. Mishna yenyewe yauliza kwa nini kauli ya mmoja iandikwe pamoja na ya wengi, ilhali hukumu ni ya wengi. Sababu ya kwanza yatolewa kuwa ni ili mahakama itakayokuja ikiona haki katika kauli hiyo iweze kuitegemea. Rabi mwingine asema la, ni ili mtu akija siku moja akadai kuwa hivyo ndivyo alivyopokea, aambiwe kuwa alichopokea ni kauli iliyokwisha kukataliwa. Sababu zote mbili zimeandikwa, moja chini ya nyingine, na hakuna iliyopigiwa kura.