Kuiga kisu cha mwenzio: elimu au wizi?

Ndugu msomaji, fundi akikichunguza kisu cha kukunja cha mwenzake, akaona bapa linavyoingia mpinini, kisha akatengeneza chake, je, ameiba?

Tutazame kwetu Ruvuma. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru aliyefariki mwaka 1972, aliwafundisha ndugu na vijana mtindo wake wa kuchora. Waliuiga kwa ridhaa yake, wakapata riziki. Hiyo ni elimu. Lakini wapo waliochora baada ya kifo chake wakatia sahihi ya marehemu. Huo ni udanganyifu, sawa na nafaka iliyolowa kufichwa chini ya kavu, jambo ambalo Mtume (s.a.w.) alilikemea sokoni.

Hata hivyo, kutoghushi jina pekee hakutoshi. Mwaka 1988, Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu ilipokutana Kuwait iliamua kuwa haki ya mvumbuzi inalindwa kisheria, haijuzu kuivamia. Basi umbo lililozoeleka ni la wote. Ama aliyekesha akibuni komeo jipya lisilokata vidole, muombe idhini kwanza. Mahakama huenda isijue, Allah (s.w.) anajua.

Wabillahi tawfiq.