Mapacha wa Januari Mosi

Tarehe mosi Januari, katika mji wa Savage ulio kusini mwa Minneapolis, ofisi za serikali hufungwa, shule huwa likizoni, na theluji hulala juu ya paa za nyumba. Ndiyo siku ambayo simu za Waafrika wa Mashariki waishio hapo na katika miji jirani ya Burnsville na Shakopee hazinyamazi. Mtandao unawakumbusha kwamba leo ni siku ya kuzaliwa ya mjomba, na ya shemeji, na ya jirani wa ghorofa ya pili, na ya mwalimu wa madrasa, na ya nusu ya watu waliosali nao Ijumaa iliyopita. Mgeni angedhani ni muujiza. Wenyewe hucheka na kuitana mapacha.

Chanzo chake ni fomu. Watu walipokimbia vita na kuandikishwa katika makambi, Dadaab iliyofunguliwa mwaka 1991, Kakuma iliyofuata mwaka 1992, na kwingineko, waliulizwa tarehe ya kuzaliwa, na karatasi ilikuwa na nafasi tatu: siku, mwezi, mwaka. Aliyejua mwaka tu aliandikiwa Januari mosi. Asiyejua hata mwaka alikadiriwa kwa kutazamwa uso, kisha naye akapewa Januari mosi. Ndivyo ilivyokuwa kwa Wasomali wengi, kwa vijana wa Sudan waliokulia Kakuma na kupelekwa Marekani kuanzia mwisho wa mwaka 2000, na kwa wengine waliopita njia hiyo. Afisa hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na foleni nje ya hema, na kompyuta haikubali nafasi tupu.

Swali linalobaki si la takwimu. Mtu anapoimbiwa siku ambayo hakuzaliwa, je, anafanyiwa wema au anashirikishwa uongo?

Jibu jepesi ni kwamba haidhuru: siku ni siku, keki ni keki. Jibu hilo lina nguvu kuliko linavyoonekana, kwa sababu hakuna binadamu aijuaye siku yake ya kuzaliwa kwa kushuhudia. Kila mmoja aliambiwa. Mwana wa hospitali ya Minnesota, ambaye cheti chake kina saa na dakika, naye anaamini maneno ya watu wengine kama anavyoamini mzee wa jangwani. Tarehe ya kuzaliwa ni amana: huwekwa mikononi mwa mama, mkunga na shangazi, na mwenyewe huipokea baadaye akiwa na akili za kuipokea. Mwambao wenyewe haujawahi kuwa na utumwa wa tarehe. Maulidi, sherehe ya kuzaliwa inayopendwa kuliko zote kutoka Lamu hadi Unguja, husomwa nyumba hii leo na msikiti ule wiki ijayo, mwezi mzima wa Mfunguo Sita, ili jirani apate kumhudhuria jirani. Hakuna aliyelalamika kwamba siku zimekosewa.

Hata hivyo jibu hilo jepesi linaruka jambo moja.

Ichukuliwe familia yoyote ya Savage yenye bibi aliyezaliwa katika malisho ya Somalia. Mjukuu wake, mwanafunzi wa shule ya msingi, amefundishwa kwamba kila mtu ana siku yake, na ubaoni darasani kila jina limebandikwa chini ya mwezi wake. Anauliza: Bibi, ulizaliwa lini hasa? Naye anajibiwa: Mvua ya kwanza baada ya Dabadheer, mwanangu. Dabadheer, yaani wa mkia mrefu, ni jina ambalo Wasomali waliupa ukame wa mwaka 1974 na 1975. Mvua zao kubwa, za msimu wa Gu, huanza takribani Aprili. Januari imo katika Jilaal, kiangazi kikali. Kumbe bibi hakuwa mtu asiyejua alizaliwa lini. Alijua msimu, alijua mwaka, na alijua hali ya ardhi siku ile. Tarehe aliyoandikiwa imo katika msimu uleule ambao ushahidi wake unaukataa.

Hapo ndipo kosa lilipo, na ni kosa la adabu kabla ya kuwa la hesabu. Afrika Mashariki imejaa watu waliobeba saa zao ndani ya majina. Mjaluo aitwaye Otieno alizaliwa usiku. Mkalenjini aitwaye Kiprop alikuja na mvua. Na pwani Juma, Rajabu na Ramadhani ni kalenda zinazotembea. Elimu hiyo yote ilifika mbele ya meza ikiwa hai, ikiwa na mashahidi, ikaonekana si kitu kwa kuwa haikuwa tarakimu. Mtu hakunyimwa keki, alinyimwa kusikilizwa. Swali moja la ziada, mvua zilikuwa zimeanza?, lingetosha kumpa Aprili.

Na gharama yake hailipwi kwa kicheko tu. Zahanati za Marekani humtambua mgonjwa kwa jina na tarehe ya kuzaliwa. Katika jamii ambayo kina Mohamed Ahmed ni wengi na wote ni wa Januari mosi, faili la mmoja laweza kufunguliwa kwa ajili ya mwingine. Kijana aliyeongezewa miaka hufikia mapema umri wa 21, ambao shule ya umma ya Minnesota haimdai tena. Mzee aliyepunguziwa hungoja bima ya matibabu ya wenye miaka 65 huku magoti yakiwa yameshafika huko zamani. Leseni ya udereva ya jimbo hilo huisha siku ya kuzaliwa, nayo ni siku ambayo ofisi imefungwa. Kusahihisha nako ni kugumu, hasa kwa aliyekwisha kula kiapo cha uraia kwa tarehe ileile. Mcha Mungu anayeulizwa chini ya kiapo alizaliwa lini hutaja Januari mosi, kisha huenda nyumbani na mchanga moyoni. Haifai kumwita mwongo. Anayetoa jina la karatasi mbele ya mwenye karatasi hakumdanganya mtu. Lakini mzigo wa kujitetea moyoni ameachiwa yeye, si aliyeandika.

Mji huo, kwa njia, unajua kutunza tarehe. Jina lake lamaanisha ukatili kwa Kiingereza, ingawa ni ukoo tu wa Marion Savage, tajiri aliyemnunua farasi Dan Patch mwaka 1902 kwa dola 60,000, akamjengea zizi lenye kupashwa joto. Farasi wa mbio wa Amerika ya Kaskazini, kwa kanuni ya vyama vyao, wote huongezewa mwaka Januari mosi, ili wapangwe kwa umri bila ubishi. Hata hivyo inakumbukwa kwamba Dan Patch alizaliwa Aprili 29, mwaka 1896, na kwamba alikufa Julai 11, mwaka 1916, siku moja kabla ya bwana wake. Kila Juni mji humfanyia sherehe. Farasi alipewa tarehe ya daftari na bado akaachiwa ya kwake, kwa sababu palikuwa na mtu aliyempenda akaitunza. Si haki kumlaumu farasi.

Kwa hiyo familia ifanye nini? Wapo wanaoiacha Januari mosi iwe ya ofisi, wasiiguse. Wapo wanaoiona sherehe yenyewe kuwa desturi ya kuazima, na wana haki ya kutoitaka. Wema haulazimishwi kwa mishumaa. Wapo vijana wanaopenda siku ya pamoja, kwa kuwa aliyefika bila ndugu ghafla ana mapacha mia. Hao nao wasibezwe. Lakini mjukuu aliyesikia habari ya mvua ana kitu ambacho afisa hakukipata, na akikiandika katika daftari lake, pamoja na jina la mkunga na la kisima kilichokuwa karibu, amana imepata mshika mwingine.

Aprili, ngurumo za kwanza za masika hupita juu ya Savage na mvua huosha theluji chafu iliyobaki kando ya barabara. Ni majira yaleyale ambayo Gu huanza upande wa pili wa dunia. Mtoto akiisikia akiwa shuleni, anaweza kungoja hadi jioni. Bibi hatakuwa ameondoka nyumbani. Hapendi kutembea kwenye matope.